Miendo Mitano: Historia ya Neno Moja la Kichina na Funzo Lake kwa Mfasiri

Kila aliyewahi kufasiri maandishi ya kigeni kwa Kiswahili anaijua taabu ya neno ambalo maana yake huonekana nyepesi mpaka pale linapotakiwa kuandikwa. Katika makala haya tumekusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, nalo ni neno la Kichina wuxing. Kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya vimelifasiri neno hili kuwa "elementi tano", nasi aghalabu tumefuata mkondo huo bila kuuliza. Elementi zenyewe hutajwa kuwa ni mti, moto, udongo, madini na maji.

Mwanafunzi asomaye hivyo huuliza swali la haki kabisa: inakuwaje mti uwe asili ya vitu, ilhali mti wenyewe huota udongoni na hunywa maji? Na hewa iko wapi? Tuliwahi kuulizwa swali hilo darasani. Tulijibu, kwa haraka ya mwalimu asiyependa kuonekana amekwama, kwamba watu wa kale hawakujua kemia. Wanafunzi walicheka, na somo likaendelea. Baadaye tulipolisoma jambo lenyewe kwa utulivu tulitambua kwamba kosa halikuwa la Wachina wa kale. Lilikuwa la tafsiri, na la yule aliyejibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi makala haya na yawe malipo ya deni lile.

Tutaanza na maneno yenyewe, kisha tutaeleza jinsi miendo hiyo ilivyopangwa katika taratibu za kuzaa na kuzuia. Halafu tutafuata habari zake katika uganga, katika siasa na katika vinywa vya walioipinga. Mwisho tutairudia kazi yetu ya kufasiri na kufundisha.

Maana ya maneno

Sehemu ya kwanza ya neno hili, wu, ni hesabu: tano. Sehemu ya pili, xing, ni kitenzi ambacho Wachina wangali wakikitumia kila siku, na maana yake ni kwenda, kutembea, kutenda. Katika maandishi ya Kichina ya kale kabisa, yaliyochongwa juu ya mifupa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, alama ya neno hili ni picha ya njia panda. Ndani yake hamna kitu cha kushikwa mkononi. Mna njia na mwenye kwenda.

Hapa Kiswahili kina bahati. Kutokana na kitenzi -enda twapata jina mwendo, na kutokana na -enenda twapata mwenendo. Jina la kwanza ni la hatua na safari. La pili ni la tabia ya mtu. Neno xing hubeba maana zote mbili. Mwaka 1993, mahali paitwapo Guodian katika mkoa wa Hubei, lilifukuliwa kaburi linalokadiriwa kuwa la miaka ya karibu 300 kabla ya kuzaliwa Kristo (K.K.). Humo yalipatikana maandishi juu ya vipande vya mianzi, na mojawapo lilikuwa na anwani Wuxing. Andiko hilo halisemi habari za moto wala za maji. Lazungumzia utu, haki, adabu, hekima na utakatifu, yaani mienendo mitano ya mtu mwema. Nakala nyingine ya andiko hilo ilikwisha kupatikana mwaka 1973 katika makaburi ya Mawangdui, mkoani Hunan. Kwa hiyo zamani zile mtu aliposema wuxing, msikilizaji aliweza kufikiri habari za tabia kabla ya kufikiri habari za kuni na majivu.

Vitu vyenyewe vitano navyo vilitajwa kwa namna mbalimbali kabla ya kuwa fundisho. Katika Zuozhuan, kitabu mashuhuri cha tarehe za kale, huitwa "vifaa vitano", navyo ni mahitaji ya kila siku ya watu. Mahali pengine katika kitabu kicho hicho vimetajwa kuwa sita, kwa kuwa nafaka imeongezwa. Mkulima ataona kwamba hesabu hiyo ya sita ilikuwa na akili yake.

Maelezo ya kwanza yaliyo wazi juu ya miendo mitano yamo katika Shujing, kitabu cha nyaraka za kale, katika sura iitwayo Hongfan, yaani "Mpango Mkuu". Wataalamu wengi wa leo huiweka sura hiyo katika zama za Madola Yanayopigana (475–221 K.K.). Twaomba mwalimu wa sarufi aitazame kwa makini. Maji hayaelezwi kwa umbile lake, bali kwa kuwa hulowesha na kushuka. Moto huelezwa kwa kuwaka na kupanda juu. Mti kwa kupindika na kunyooka. Madini kwa kukubali kubadilishwa umbo. Udongo kwa kupokea mbegu na kutoa mavuno. Kila kimoja kimepewa vitenzi. Msomaji aulizaye "Ni kitu gani?" hajibiwi, aulizaye "Chafanya nini?" hupata jibu kamili. Ndiyo sababu katika makala haya tutaiita Miendo Mitano.

Limebaki neno qi, ambalo siku hizi hufasiriwa "nishati". Alama yake ya zamani ina sehemu mbili, mvuke na mchele, kama mvuke upandao juu ya chungu cha chakula. Mchina akitaka kusema hali ya hewa husema tianqi, yaani qi ya mbinguni. Akitaka kusema fulani amekasirika husema shengqi, yaani qi yake imepanda. Kwa Kiswahili maana hiyo imegawanyika katika maneno mengi: pumzi, mvuke, hewa, upepo, na kwa kiasi fulani hamaki. Tafsiri ya "nishati" ilienea hasa kwa maandishi ya Mfaransa George Soulié de Morant (1878–1955), aliyewahi kufanya kazi ya ubalozi nchini China na ambaye kitabu chake juu ya tiba ya sindano kilianza kutoka mwaka 1939. Neno hilo lilimpendeza msomaji wa zama za umeme, lakini lilimfanya adhani kwamba qi ni kitu kipimwacho kwa mitambo kama joto au mkondo wa umeme. Haijapata kupimwa hivyo, wala waliolitumia neno hilo zamani hawakuwa na nia hiyo.

Yin na yang nazo zilianza kwa unyenyekevu. Yin ilikuwa upande wa kilima wenye kivuli, na yang upande wenye jua. Mtu akisimama bondeni tangu asubuhi hadi jioni ataona pande hizo zikibadilishana kilima kile kile.

Kuzaa na kuzuia

Fundisho la Miendo Mitano lilipokomaa liliwekwa katika taratibu mbili. Utaratibu wa kwanza ni wa kuzaa. Mti huzaa Moto, kwa kuwa kuni ndizo ziwakazo. Moto huzaa Udongo, kwa kuwa majivu hurudi ardhini. Udongo huzaa Madini, kwa kuwa humo ndimo yachimbwamo. Madini huzaa Maji; wengine wamesema ni kwa kuwa yakiyeyuka hutiririka, na wengine ni kwa kuwa umande hutua juu ya chuma usiku. Maji nayo huzaa Mti, na mduara huanza tena.

Utaratibu wa pili ni wa kuzuia au kushinda. Mti huupasua Udongo kwa mizizi yake; Udongo huyazuia Maji kwa tuta na kingo; Maji huuzima Moto; Moto huyayeyusha Madini; Madini huuangusha Mti kwa shoka.

Tukichora duara na kuweka miendo hiyo mitano juu yake, tutaona jambo ambalo huenda ndilo lililoipa hesabu ya tano nguvu zake. Kila mwendo una uhusiano mmoja, na mmoja tu, na kila mmoja wa wenzake wanne: una mama aliyeuzaa, una mwana unayemzaa, una mmoja unaomzuia, na una mmoja auzuiaye wenyewe. Hakuna uliokaa juu ya yote, na hakuna uliotupwa chini. Maneno "mama" na "mwana" tuliyoyatumia si ya kwetu. Ndiyo watumiayo Wachina wenyewe.

Kwa hiyo usawa unaosemwa hapa haufanani na mizani ya duka, ambayo hutulia pande zote mbili zikilingana. Kama miendo yote ingelingana na kutulia, kusingekuwa na majira wala uhai. Usawa ni kila mmoja kupata zamu yake, na kila mmoja kuwa na wa kumkumbusha kiasi. Masika ya mimea yasipokwisha ni maafa, kama vile baridi isiyokwisha ni maafa.

Katika enzi ya Han (206 K.K.–220 B.K.) wasomi waliendelea kuambatanisha miendo hiyo na karibu kila kitu. Mti ulipewa mashariki, majira ya mimea kuchipua, rangi ya kijani, ini na ladha ya ukali wa ndimu. Moto ulipewa kusini, majira ya joto, wekundu, moyo na uchungu. Madini yalipewa magharibi, majira ya mavuno, weupe, mapafu na ladha ya pilipili. Maji yalipewa kaskazini, majira ya baridi, weusi, figo na chumvi. Udongo ulikaa katikati na rangi ya manjano, wengu na utamu.

Msomaji mwepesi atakuwa amekwisha kuona shida: miendo ni mitano, na majira ni manne. Wachina wenyewe waliiona. Baadhi yao waliupa Udongo mwisho wa majira ya joto. Wengine walichukua siku 18 za mwisho za kila majira na kuupa Udongo, ili kila mwendo upate siku 72 katika mwaka wa siku 360. Hesabu hiyo ni safi, lakini yatuonyesha pia jinsi fundisho lilivyoanza kuilazimisha dunia ikae katika visanduku vyake.

Mwili kama dola

Katika uganga fundisho hili halikuwapo tangu mwanzo, kama wengi wanavyodhani. Miongoni mwa maandishi ya Mawangdui yamo ya utabibu, yaliyozikwa mwaka 168 K.K. Hayo yaeleza mishipa kumi na mmoja ya qi, ilhali vitabu vya baadaye hutaja kumi na miwili. Tiba yaelezwayo humo kwa mishipa hiyo ni ya kuchoma ngozi kwa majani makavu, na si ya sindano. Utaratibu mkubwa wa Miendo Mitano haujawa msingi wake.

Msingi huo twauona katika Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa kutoka maandishi mbalimbali, ambayo mengi hudhaniwa kuwa ya karne ya 2 na ya 1 K.K. Kimeandikwa kwa namna ya mazungumzo: Mfalme wa Manjano, mtawala wa hadithi za kale, anauliza, na mshauri wake Qi Bo anajibu. Humo mwili wafananishwa na serikali. Moyo ni mtawala, mapafu ni waziri, ini ni jemadari. Mwandishi hana haja sana ya kujua uzito wa ini wala umbo lake. Atakalo ni kujua cheo chake, yaani kazi yake na mahusiano yake na wengine.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi fikira hiyo ilivyotumika. Nanjing, kitabu cha uganga cha baadaye kidogo, chafundisha kwamba mganga aonapo ugonjwa wa ini hapaswi kushughulika na ini peke yake. Ini ni Mti, na Mti huukandamiza Udongo, nao Udongo ni wengu, wenye kazi ya kusaga chakula. Basi aanze kuutia wengu nguvu kabla ugonjwa haujaufikia. Kitabu hicho chasema pia kwamba kiungo kikidhoofika yafaa kumtilia nguvu mama yake. Kwa maneno ya leo twaweza kusema kwamba viungo hivi ni majina ya kazi. Atakayefungua kifua kwa kisu akitafuta Mti ndani ya ini hatauona, kama vile afunguaye jengo la wizara haoni "uwaziri" ndani ya kabati.

Miendo na kiti cha enzi

Lililotushangaza zaidi katika uchunguzi wetu ni kwamba Miendo Mitano ilitumika katika siasa kwa nguvu kabla haijaimarika katika uganga. Msemaji wake mkuu alikuwa Zou Yan, mtu wa dola ya Qi, aliyeishi katika karne ya 3 K.K. Vitabu vyake vimepotea; twamjua hasa kwa maelezo ya mwanahistoria Sima Qian. Zou Yan alifundisha kwamba kila ukoo wa kifalme hutawala kwa nguvu ya mwendo mmoja, na huangushwa na ukoo wenye mwendo uushindao. Mfalme wa Manjano alikuwa wa Udongo, ukoo wa Xia wa Mti, Shang wa Madini, Zhou wa Moto. Kila aliyesikia aliweza kumalizia hesabu mwenyewe: atakayeuzima Moto ni Maji.

Mwaka 221 K.K. mfalme wa Qin alipokwisha kuzishinda dola zote, alijitangaza kuwa ndiye Maji. (Jina la dola yake lafanana kwa sauti na Qi ya Zou Yan, lakini ni dola mbili mbalimbali.) Kwa kuwa rangi ya Maji ni nyeusi, mavazi na bendera za serikali zikawa nyeusi. Kwa kuwa hesabu yake ni sita, kofia za maofisa zikapimwa kwa sita, na gari la mfalme likavutwa na farasi sita. Hata Mto wa Manjano ukapewa jina jipya la kuyasifu Maji. Na kwa kuwa Maji ni majira ya baridi, yaliyo majira ya kifo, Sima Qian atuambia kwamba sheria nazo zilifanywa kali zisizo na huruma. Hapo twaona hatari ya fikira nzuri ikiwa mikononi mwa mwenye upanga: ukatili uliandikwa kuwa ni desturi ya maumbile.

Dola hiyo ya Maji haikudumu miaka ishirini. Wafalme wa Han walioifuata walijiita Maji kwanza, kisha mwaka 104 K.K. wakageuka kuwa Udongo. Wang Mang alipojitwalia kiti mwaka 9 B.K. alitumia utaratibu wa kuzaa badala ya ule wa kushinda: akasema Han walikuwa Moto, naye, aliye Udongo, ni mwana aliyemrithi mama kwa amani. Aliuawa mwaka 23. Ukoo wa Han uliporudi ulijitangaza kuwa Moto, ukachagua rangi nyekundu. Mwaka 184 wakulima walioasi walivaa vilemba vya manjano, rangi ya Udongo, na mbiu yao ilitangaza zamu ya mbingu ya manjano. Twaona basi kwamba ukoo mmoja ulikuwa Maji, Udongo na Moto, kwa kadiri ya haja ya wakati.

Fundisho liliingia hata katika majina ya watu. Ukoo wa Zhu, uliotawala kwa jina la Ming (1368–1644), uliwapa watoto wake majina ambayo alama zake za maandishi zina ndani yake Mti, Moto, Udongo, Madini na Maji, kizazi kwa kizazi, kwa utaratibu wa kuzaa. Zhu Di, ambaye mwaka 1415 alipelekewa twiga kutoka Malindi, alikuwa na Mti katika jina lake. Mwanawe Gaochi alikuwa na Moto, mjukuu wake Zhanji Udongo, kitukuu Qizhen Madini, na aliyefuata, Jianshen, alikuwa na Maji. Baada yake alikuja Youcheng, na Mti ukarudi. Hata leo kuna wazazi ambao, wakiambiwa na mpiga ramli kwamba mtoto wao amepungukiwa na Maji, humchagulia jina lenye alama ya maji.

Waliopinga

Ingekuwa kosa kudhani kwamba Wachina wote waliyapokea hayo kwa kuinamisha vichwa. Wafuasi wa Mozi, katika zama zile zile za Madola Yanayopigana, walikataa kwamba kuna mwendo uushindao mwingine daima. Walisema jambo hutegemea wingi: moto mwingi huyeyusha chuma, lakini chuma kingi kikiwekwa juu ya makaa machache huyazima. Hoja hiyo ni fupi, na kwa maoni yetu haijapata kujibiwa.

Mwingine alikuwa Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 B.K. Alikuwa maskini, na wasimulizi husema alijifunza kwa kusoma vitabu vilivyotandazwa sokoni bila kuvinunua, akivitia moyoni. Wakati wake kila mnyama wa hesabu ya miaka kumi na miwili alikwisha kupangiwa mwendo wake: panya wa Maji, farasi wa Moto, jogoo wa Madini, sungura wa Mti. Wang Chong aliuliza kwa kejeli: kama kweli Maji huushinda Moto, mbona hatujamwona panya akimfukuza farasi? Na kama Madini huushinda Mti, mbona jogoo hamdonoi sungura? Mwanafunzi wetu aliyeuliza ilipo hewa alikuwa na ndugu yake katika China ya miaka 1,900 iliyopita, nasi hatukumjua.

Kosa la mfasiri

Matteo Ricci, padre Mwitalia, aliingia China mwaka 1583 na akafariki Beijing mwaka 1610. Alikuwa mjuzi wa Kichina kuliko karibu Wazungu wote wa zama zake. Alikuja na elimu ya Wayunani wa kale isemayo kwamba vitu vyote vimefanywa kwa asili nne: udongo, maji, hewa na moto. Alipotaka kuieleza elimu hiyo kwa Kichina alihitaji neno, akalichukua xing. Tangu hapo mafundisho mawili yasiyohusiana yakakalishwa juu ya mkeka mmoja. Ricci akawalaumu Wachina kwa kuhesabu mti na madini kuwa ni asili, na kwa kuisahau hewa. Lawama hiyo ingekuwa ya haki kama Wachina wangalikuwa wakijibu swali lake. Yeye aliuliza vitu vimefanywa kwa nini. Wao walikuwa wakieleza mambo huendaje.

Sisi tulio karibu na pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kujihadhari na kosa hilo. Elimu ile ile ya asili nne ilipokelewa na matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, kama Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, ikafika pwani yetu katika mafunzo ya watabibu wa kitabu. Twaikuta katika mazungumzo ya wazee juu ya vyakula vya baridi na vyakula vya hari. Msomaji wetu akikuta orodha ya asili tano huiweka mara moja kando ya ile ya nne aliyoirithi, kisha hushangaa kwamba hazilingani. Joseph Needham wa Cambridge, katika kitabu chake kikubwa juu ya sayansi ya China kilichotoka mwaka 1956, aliendelea kutumia neno "elementi" kwa ajili ya mazoea, lakini alieleza waziwazi kwamba zilikuwa mienendo ya utendaji. Wataalamu wengi waliokuja baada yake wameliacha neno hilo kabisa.

Karne ya ishirini

Ubishi mkali zaidi ulitoka kwa Wachina wenyewe. Mwaka 1923 Liang Qichao, mwanachuoni na mwanasiasa mashuhuri, aliandika kwamba yin, yang na Miendo Mitano ndiyo makao makuu ya ushirikina wa miaka elfu mbili. Mwaka 1929 kamati ya afya ya serikali ya Nanjing ilikubali pendekezo la Yu Yunxiu, daktari aliyesomea Japani, la kuikomesha tiba ya zamani hatua kwa hatua. Tarehe 17 Machi waganga kutoka mikoa mingi walikutana Shanghai kupinga, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mganga Yun Tieqiao alikwisha kutoa, mwaka 1922, jibu ambalo twaliona kuwa la busara. Alisema viungo vitano vya kitabu cha kale si vya nyama na damu, bali ni vya majira ya mwaka. Kwa maneno mengine, alirudisha mwendo mahali ambapo wengine walitafuta kitu.

Serikali iliyoshika madaraka mwaka 1949 iliamua kuihifadhi tiba hiyo na kuipanga upya. Mwaka 1956 vilifunguliwa vyuo vinne, katika Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Fundisho lililokuwa na mabishano ya karne nyingi lilipangwa katika vitabu vya kiada, likawa sawa kwa wanafunzi wote. Tangu mwaka 1964 madaktari kutoka China walifika Zanzibar, na baadaye nchi nyingine za kwetu, na hivyo maneno haya yalianza kutufikia si kwa vitabu tu.

Hapa yafaa tutaje dawa ambayo karibu kila zahanati ya kwetu inayo. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, alisoma katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, habari za kutibu homa kwa mmea uitwao qinghao uliolowekwa katika maji na kukamuliwa. Akafahamu kwamba moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akaitoa bila joto kali, akaijaribu kwa wanyama mwaka 1971. Kutokana na kazi hiyo tumepata dawa mseto za malaria, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tuseme kwa uangalifu kilichotokea. Miendo Mitano haikumwonyesha dawa ile. Uzoefu ulioandikwa ndio uliompa dokezo, na majaribio ndiyo yaliyotoa hukumu. Aliyemtukana Ge Hong kwa sababu ya ushirikina wa zama zake angeipoteza dawa. Na aliyeamini kila neno la zamani bila kulipima angeichemsha mpaka leo.

Hatima

Tumeliona neno moja likiwa tabia ya mtu mwema, vifaa vya mkulima, hoja ya mfalme, vilemba vya waasi, ramani ya mwili na lawama ya padre. Funzo tulilolipata ni jepesi kulisema. Mfasiri akikosea jina, huwafanya watu waonekane wamejibu vibaya swali wasiloulizwa. Mwanafunzi akishawacheka watu wa mbali kwa sababu hiyo, si vigumu kesho awacheke wazee wake mwenyewe kwa sababu iyo hiyo, kwani nao wanayo maneno mengi yaliyovuka mpaka yakiwa yamevunjika.

Twapendekeza basi kwamba katika vitabu vyetu vya kusomea wuxing iandikwe Miendo Mitano, na qi iachwe ilivyo, ikifafanuliwa kwa pumzi na mvuke. Neno elementi libaki katika somo la kemia, ambako lina kazi yake halali. Na atakapotokea mwanafunzi mwingine wa kuuliza hewa iko wapi, tusimjibu kwamba watu wa kale hawakujua. Tumwambie kwamba swali lake ni zuri, kwamba Wang Chong angelifurahia, na kwamba tuanze kwa kutazama kitenzi.